Gari Linalopiga Magoti

Watu wa Bongwe waliuzungumzia mgongo wa Mbeyu kama watu wa mahali pengine wanavyozungumzia kisima ambacho hakijawahi kukauka. Ulikuwa mgongo mpana, ulionyooka, na ulikuwa umewabeba mabi harusi wa ukoo wao tangu bibi yake alipochoka akamwachia. Katika ukoo ule binti anayeolewa hakanyagi chini kati ya kizingiti cha kwao na kizingiti cha mumewe. Hubebwa mgongoni na mwanamke wa nyumbani kwao, amefunikwa leso kutoka utosini, na nyayo zake zilizopakwa hina zikigusa udongo njiani, hata kwa kidole kimoja, akina mama husema ndoa imeanza kwa kuchoka. Mbeyu mwenyewe hakuwa na hakika kama jambo hilo ni kweli. Ila hakutaka awe yeye wa kulijaribu.

Siku zisizo za harusi alishona makuti. Aliketi uani mchana kutwa, miguu ameinyoosha, akikunja majani ya mnazi juu ya ufito na kuyashona moja baada ya jingine, na hoteli nyingi za Diani zilikuwa zimeezekwa kwa kazi ya vidole vyake. Tangu zile vurugu za mwaka wa tisini na saba wageni walikuwa wamepungua, hoteli nyingine zikafungwa, na makuti yakarundikana kando ya nyumba mpaka kuku wakapata mahali pa kutagia.

Alikuwa mtu wa kuuliza. Alipopeleka makuti hotelini mara ya kwanza na kuonyeshwa friji jikoni, aliuliza baridi hiyo inatoka wapi, na hakuondoka mpaka mpishi alipolisogeza akamwonyesha nyuma. Mbeyu akapitisha mkono, akakuta joto. Alicheka njia nzima mpaka nyumbani. "Baridi yote ile," aliwaambia majirani, "na mgongoni lina homa!"

Goti lake la kulia liliharibika wakati wa mvua za El Nino. Aliteleza kwenye tope akiwa na mzigo wa makuti kichwani, akasimama, akajipangusa, na hakumwambia mtu. Kutembea alitembea. Kubeba alibeba. Kilichomshinda ni kuchutama na mzigo: goti likifika mahali fulani katika kukunjika lilitetemeka, kisha likakataa. Chini haliendi, juu halirudi. Mwezi wa Agosti, kwenye harusi moja, walikodi teksi yenye viti vya chini sana, na Mbeyu alipomkalisha bi harusi ndani alibaki amechutama muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Mejumaa, binti ya binamu yake, akamshika mkono akamwinua.

"Umeteleza, Bi Mbeyu?"

"Nimeteleza."

Baada ya siku hiyo wanawake wakaanza kusema, kwa ile sauti ya upole inayoudhi kuliko matusi, kwamba Mejumaa ni kijana, ana nguvu, na labda wakati umefika. Mejumaa mwenyewe hakusema lolote. Lakini jioni moja Mbeyu alimwona amembeba rafiki yake mgongoni, akizunguka nyumba polepole, akijaribu mwendo.

Mbeyu angemwachia. Angemwachia hata kwa furaha, kama bi harusi aliyefuata asingekuwa Hanifa.

Hanifa alikuwa mtoto wa dada yake, na dada huyo alifariki Hanifa akiwa bado ananyonya. Mbeyu alimfunga mgongoni kwa leso siku ya matanga na, kwa namna fulani, hakumfungua tena mpaka alipoanza shule. Alishona makuti naye mgongoni. Alichota maji naye mgongoni. Sasa Hanifa alikuwa anaolewa na Swabir wa Msambweni, mwezi huo wa Shaabani kabla ya mfungo, na Mbeyu alitaka kitu kimoja tu duniani: mgongo uliomlea ndio umtoe.

Ndipo yakaja magari mawili.

Baba yake Hanifa, Matano, alikuwa amepika miaka mingi katika hoteli moja ya Diani. Mwenye hoteli alimpenda, na aliposikia habari za harusi akasema atamwazima gari lake, Range Rover ya kijani iliyokolea, pamoja na dereva wake, Nzioka. Wakati huohuo mjomba wa Hanifa, Shutu, kaka yake Mbeyu, alikuwa mtunza ghala wa tajiri mmoja Mombasa, na tajiri huyo naye akatoa gari lake, Land Cruiser VX nyeupe, ili Shutu aliendeshe mwenyewe. Bongwe haikuwahi kuona hata moja la namna hiyo likisimama zaidi ya dakika ya kuuliza njia. Sasa yalikuwapo mawili, na bi harusi alikuwa mmoja.

"Mtoto anatoka nyumbani kwa baba yake," alisema Matano.

"Na nani alimjua mama yake kabla hujamjua wewe?" alijibu Shutu. "Mjomba hawekwi nyuma ya msafara kama gunia la mchele."

Waligombana kwa adabu siku nyingi, shemeji huku na shemeji kule, mpaka imamu akawaambia, kwa kuchoka, wamwachie yule atakayemwingiza bi harusi garini achague. Hivyo basi Alhamisi, baada ya alasiri, magari yote mawili yaliletwa uani kwa Mbeyu, yakasimama ubavu kwa ubavu mbele ya rundo la makuti. Kuku walikimbia. Majirani walikuja wakijifanya wana shughuli.

Mbeyu aliyazunguka yote mawili mikono nyuma. Alijitazama katika rangi ya lile jeupe, akacheka kuona kichwa chake kimekuwa kirefu kama papai. Aliingiza pua dirishani mwa lile la kijani.

"Linanukia kiatu kipya," alisema.

"Ni ngozi, mama," alisema Nzioka, aliyetoka Kitui na kuzoea Kiswahili cha hotelini. "Leather yote, hadi nyuma. Hii gari si mchezo."

"Ng'ombe wangapi?"

"Sijahesabu, mama."

"Wewe unalala na gari usiku na mchana na hujauliza?"

Watu wakacheka. Shutu akaona wakati wake umefika, akafungua mlango wa lile jeupe. Chini ya mlango kulikuwa na ubao mrefu wa chuma, wenye mpira wa kuzuia kuteleza.

"Tazama, Mbeyu. Kidaraja. Unapanda kama unaingia msikitini, mguu wa kulia kwanza. Hili gari linakupa ngazi."

Mbeyu alipanda kidaraja, akashuka, akapanda tena. Alikipenda. Goti nalo lilikipenda.

"Ngoja, mama," alisema Nzioka. "Usichague bado. Angalia hii yangu." Aliingia, akawasha injini, akagusa swichi. Kukasikika sauti kama ya mtu anayetua mzigo na kushusha pumzi, na lile gari la kijani, taratibu, likashuka. Likashuka lote, mbele na nyuma, kama ngamia anayejiandaa kupandwa.

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

"Linapiga magoti!" alisema Mbeyu. "Nzioka, fanya tena."

Alifanya tena. Mbeyu aliweka kiganja juu ya bodi, kama mtu anayempima mbuzi pumzi, akalisikia likipanda na kushuka. Alichungulia chini kwenye magurudumu. Aliinuka na mchanga shavuni.

"Kimeenda wapi kile kimo?"

"Ni hewa, mama. Badala ya springi iko na mifuko ya hewa."

"Hewa imebeba chuma chote hiki?"

"Hewa tu."

"Subhanallah. Na sisi tunaivuta bure." Alifikiri kidogo. "Mlango ukiwa wazi linashuka?"

"Hapana. Mlango ukiwa wazi haisongi, juu wala chini. Lazima ufunge kwanza, ndiyo usiumize mtu."

"Lina akili."

Matano alikuwa ameanza kutabasamu. Hata Shutu alionekana kushindwa. Nani angekataa gari linalomwinamia bi harusi? Na Mbeyu, moyoni, aliona zaidi ya hapo: gari likishuka, yeye hatainama sana, asipoinama sana, goti halitasema kitu, goti lisiposema, Hanifa ni wake. Alimwambia Nzioka alishushe na aliache hapo. Akaenda upande wa nyumba, akarudi na gunia la nazi mgongoni, limefika nusu. Akageuza kisogo mlangoni, akaegemea nyuma, na gunia likakaa kwenye kiti cha ngozi bila tabu.

"Basi," alisema. "Nimeona."

"Hujaona kitu," ilisema sauti nyuma ya watu. Alikuwa Mejumaa, amejifunga leso kiunoni. "Gunia halina miguu, Bi Mbeyu. Linaning'inia mpaka mapajani. Mtu anakukalia kiunoni. Tena gunia halikushiki shingo likiogopa."

"Wewe unataka nini?"

"Nataka kupanda."

Watu wakasema aaa, wakijua mzaha unaweza kugeuka wakati wowote. Mbeyu alimtazama yule msichana usoni muda kidogo. Kisha akamgeuzia mgongo.

Mejumaa alipanda. Alikuwa mzito wa mifupa, na alipanda vizuri, mapaja yamekaza, mikono mabegani badala ya shingoni. Mbeyu alitembea naye mpaka mlangoni, akageuka, akaanza kurudi nyuma, akaanza kuchutama. Kiti kilikuwa chini. Kilikuwa chini kuliko alivyodhani, kwa sababu mtu aliyekaa kiunoni ana safari ndefu zaidi kuliko gunia lililoning'inia mpaka mapajani. Alichutama zaidi. Goti likafika mahali pake. Likatetemeka.

Likakataa.

Hapakuwa na mtu aliyeona, maana nyuso zote zilikuwa zikimtazama Mejumaa akijifanya bi harusi. Lakini Mejumaa alikuwa juu ya goti lile, na mtetemeko ulimfikia pajani kama habari. Mwili wake ulikuwa bado haujafika kwenye kiti. Alinyoosha mkono nyuma kwa haraka, akashika mpini juu ya mlango, akajivuta mwenyewe mpaka akaketi. Mzigo ukamtoka Mbeyu. Akasimama akishikilia mlango, jasho usoni.

"Tangu lini?" alinong'ona Mejumaa, midomo haikusogea.

"El Nino."

"Kwa hiyo ile teksi ya Agosti..."

"Nyamaza."

Mejumaa aliketi pale kwenye ngozi ya ng'ombe wasiohesabiwa, na ilikuwa wazi kwa Mbeyu kwamba neno moja lingetosha. Akilisema kwa huruma tu, "maskini, goti lake," harusi ingekuwa ya Mejumaa kabla ya magharibi.

"Jamani, vipi huko?" aliita Shutu. "Mmelala?"

"Kiti ni kitamu, mjomba!" alijibu Mejumaa. "Sishuki mpaka niolewe."

Wakati watu wakicheka, Mbeyu alikuwa akifikiri. Hofu ilikuwa imempita na nyuma yake ikabaki ile hamu yake ya siku zote, hamu iliyomfanya apitishe mkono nyuma ya friji. Kwa nini gunia limepita na mtu hakupita? Alisimama wima ubavuni mwa gari, akaweka kiganja pale ambapo Mejumaa alikuwa amemkalia, kiunoni. Akapeleka kiganja hicho, bila kukishusha, mpaka mlangoni. Kilikwenda juu ya kiti, mbali juu, kwenye hewa tupu.

"Nzioka," alisema. "Likiwa limesimama, kiti kinakuja wapi?"

"Juu zaidi, mama. Lakini utasumbuka. Hii ya chini ndiyo ya wazee."

"Mimi mzee? Shuka, Mejumaa. Funga mlango. Lisimamishe."

"Bi Mbeyu, gari linakuheshimu nawe unakataa heshima!" alisema mtu.

Gari lilijikusanya, likapanda. Mbeyu akafungua mlango, akapeleka kiganja chake kilekile. Kiligota pembeni mwa kiti, sawa na kiuno chake, kana kwamba waliolitengeneza walikuwa wamempima.

Alimgeuzia Mejumaa mgongo tena, na Mejumaa, bila kuulizwa, akapanda. Hatua chache, kugeuka, kurudi nyuma. Mbeyu alisubiri goti liseme. Halikusema. Lilikunjwa kidogo tu, kama la mtu anayetia udhu kwenye birika, na tayari Mejumaa alikuwa ameketi. Teksi zote zile, pikapu zote zile, miaka yote ile ya kuinama, na kumbe alichohitaji ni gari lisiloinama.

Akaenda kwa lile jeupe, kwa haki. Kiti chake pia kilikuwa juu. Lakini aliporudi nyuma na Mejumaa mgongoni, kidaraja kilimgusa miguuni kabla hajakifikia kiti, na kukipanda kinyumenyume na mtu mgongoni hakuthubutu.

"Kaka," alisema, "gari lako ni la mtu anayeingia mwenyewe. Bi harusi haingii mwenyewe."

Shutu aliinamisha kichwa. Matano akafungua mdomo kushangilia, lakini Mbeyu akamkatiza.

"Na lako, shemeji, lisipige magoti. Lisimame hivyohivyo."

"Lakini hiyo ndiyo sifa yake! Kwa nini?"

Goti lilikuwa ndilo jibu, na Mbeyu hakutaka kulitoa mbele ya watu. Ndipo Mejumaa, akijifunga leso upya, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Kwa sababu binti wa Bongwe hashushwi! Watu wa Msambweni wanatazama. Mnataka waseme gari lilipiga magoti kuwaomba?"

Vigelegele vikapasuka. Shutu alicheka mpaka akamshika shemeji yake bega. Jambo likawa limekwisha, na kila mtu aliondoka akiamini ameelewa sababu.

Siku ya harusi Mbeyu alimtoa Hanifa chumbani akiwa amefunikwa, ananukia asumini na udi. Hanifa alipanda kama alivyopanda akiwa mtoto, kwa kuegemeza shavu la kushoto kwanza. Uani ngoma ya sengenya ilikuwa ikilia, na gari la kijani lilisimama wima, na Mbeyu akageuka, akarudi nyuma, na mtoto akawa ndani. Ilikuwa rahisi kiasi kwamba alihisi kana kwamba amesahau kitu.

Msafara ulishika barabara ya Lunga Lunga, Nzioka mbele, Shutu nyuma yake na wanawake wamejaa. Nyumbani kwa Swabir, Msambweni, watu walikuwa wamejipanga mpaka nje ya ua. Nzioka alisimamisha gari karibu na mlango. Mbeyu, aliyekaa mbele, aliteremka upesi, akafunga mlango, aende akajipange. Na hapo Nzioka, ambaye bosi wake alimfundisha kwamba mgeni wa heshima hushushwa kwa heshima, aligusa swichi kwa mazoea.

Gari likashusha pumzi. Likapiga magoti. Mwanamke mmoja wa kule kwao Swabir, kwa ukarimu, akafungua mlango wa nyuma kabla mtu hajamzuia.

Mbeyu aliona kiti kikiwa chini, mbali chini, na Hanifa ndani yake akisogea ukingoni, mguu wenye hina ukitafuta njia chini ya leso. Mlango ulikuwa wazi. Gari halingepanda. Mbele yake watu wote wa Msambweni walikuwa wakimngoja ainame.

"Funga!"

Ilikuwa sauti ya Mejumaa. Alikuwa ameruka kutoka gari la Shutu kabla halijasimama vizuri, akapenya katikati ya wanawake, akaurudisha mguu wa Hanifa ndani kwa mkono wake, akaufunga mlango.

"He!" walisema wanawake wa Msambweni. "Mnamrudisha kwao?"

"Hajafika!" alijibu Mejumaa. "Mbona mna haraka? Mmekaa miaka yote bila yeye. Nzioka, amka! Lisimamishe!"

Wakataka kumjibu, na majibu walikuwa nayo, lakini wakati huo gari lilianza kuinuka. Lilipanda taratibu, kimya, pamoja na bi harusi ndani yake, mbele ya watu ambao hawakuwahi kuona jambo kama hilo, na mmoja baada ya mwingine wakaacha kusema. Hata mpiga ngoma alipumzisha mikono. Lilipofika kimo chake likatulia. Mejumaa akafungua mlango kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake.

Mbeyu akageuza mgongo. Akasikia shavu la kushoto, kisha mikono, kisha uzito wote. Goti lilikunjwa kidogo, likanyooka. Akatembea naye mpaka kizingitini, akampitisha juu yake, akamweka mkekani, na nyayo za Hanifa zilikuwa na hina tupu, bila chembe ya udongo.

Walirudi magharibi ikiadhiniwa. Mbeyu alikataa lile la kijani. Alikwenda kwa gari la kaka yake, akaweka mguu juu ya kidaraja, akajivuta ndani polepole, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaugulia kwa sauti.

"Kaka, kidaraja hiki ni kitamu."

"Sasa ndiyo unaniambia!"

Mejumaa aliketi karibu naye, leso imelowa jasho. Taa za Ukunda zilianza kuonekana.

"Harusi ijayo," alisema Mbeyu, "utabeba wewe."

Mejumaa aligeuka akamtazama. "Na wewe?"

"Mimi nitatangulia kutazama gari." Akalisugua goti, akainama mbele kwenye kiti cha kaka yake. "Hili lako, Shutu, halina hewa kama lile? Basi linakaa juu ya nini?"